Ubingwa kila mwaka, Kombe la Dunia sifuri: namna ya kusoma rekodi ya mchezaji mstaafu wa Estonia

Ubishi ulianzia kwenye kundi letu la WhatsApp la wapenda kandanda, ambalo kazi yake kubwa ni kugombana usiku. Walikuwa wanajadili wafungaji bora wa muda wote. Mmoja akamtaja Christine Sinclair wa Canada na mabao yake 190 ya timu ya taifa, idadi ambayo hakuna mwanamume wala mwanamke aliyewahi kuifikia. Mwingine, kijana anayependa kuchimbua vitu ambavyo hakuna aliyemtuma, akaleta ukurasa wa mchezaji wa kike wa Estonia aliyekwisha kustaafu. Bingwa mara kadhaa, mabao ya ligi ya kuhesabu kwa mamia, mechi za timu ya taifa kibao, Kombe la Dunia sifuri. Kabla hatujapumua, wa tatu akabandika tokeo: Estonia 0, England 8, Tallinn, 21 Septemba 2015. "Sasa huyo mfungaji wenu alikuwa anamfunga nani?" Vicheko vikafuata.

Nilicheka na mimi. Asubuhi yake nikaona kwamba swali lile la dhihaka ndilo hasa la kuuliza. Wengi wetu tunasoma takwimu za soka la wanawake la nchi ndogo kama tunavyosoma za Barcelona. Namba zinafanana, kibaba cha kupimia ndicho tofauti.

Tuanze na nchi yenyewe. Estonia iko kaskazini mashariki mwa Ulaya, kando ya Bahari ya Baltic, na ina watu kama milioni 1.3. Sensa yetu ya 2022 iliihesabia Zanzibar watu milioni 1.89, maana yake Unguja na Pemba zinaizidi Estonia yote, mji mkuu wake Tallinn ukiwa ndani. Mwaka 1940 ilimezwa na Umoja wa Kisovieti, wakati wa vita ikapita mikononi mwa Wajerumani, ikarudi kwa Wasovieti, na uhuru wake ikaupata tena Agosti 1991. Ligi ya taifa ya wanawake ilianza 1994. Mwaka huohuo timu ya taifa ya wanawake ilicheza mechi yake ya kwanza kabisa, ikafungwa 3-0 na Lithuania. Uwekeni akilini mwaka huo wa 1994, nitaurudia.

Ukurasa unasema nini hasa

Neno la kwanza linalowachanganya watu ni jina la ligi. Inaitwa Naiste Meistriliiga. Ukitafsiri neno kwa neno unapata kitu kama "ligi ya mabingwa ya wanawake", na hapo ndipo mtu anapokurupuka: kumbe huyu dada ametwaa Ligi ya Mabingwa mara nane! Hapana. Meistriliiga ni ligi kuu ya Estonia, ya nyumbani, kama ilivyo Ligi Kuu ya Wanawake kwetu. Ile ya Ulaya Waestonia wanaiita Meistrite Liiga. Silabi moja tu, na mashindano ni mawili yaliyo mbali kama chandimu ya mtaani na Uwanja wa Mkapa.

La pili ni jedwali la pembeni. Tuseme mstari mmoja unasomeka hivi: 2005–2009, jina la klabu, 88 (104). Namba hizo nimezitunga kwa ajili ya mfano. Hiyo 88 ni mechi, na 104 iliyo kwenye mabano ni mabao. Mechi zipi? Kwa desturi ni za ligi tu. Kombe la nchi halimo, mechi za Ulaya hazimo, za kirafiki hazimo. Mchezaji akifunga mabao matano kwenye nusu fainali ya kombe, jedwali halina habari. Ni kama kumpima mama lishe kwa sahani za mchana peke yake, ilhali uji na chapati za asubuhi ndivyo vinavyomlipia kodi ya chumba.

Msishangae pia mkikuta kurasa mbili zikitoa namba tofauti za mtu mmoja. Kumbukumbu za soka la wanawake za miaka ya 90, karibu kote Ulaya, zina mashimo. Kwa wachezaji wa kizazi hicho namba iliyoandikwa ichukueni kama kiwango cha chini: walau hayo yalionekana na kuandikwa.

Na miaka yenyewe. England msimu unaandikwa 2009/10, Estonia unaandikwa 2010 basi, kwa sababu ligi inaanza majira ya kuchipua na kuisha kabla theluji haijafunga viwanja. Kwa hiyo klabu iliyotwaa ubingwa wa msimu wa 2010 ilikwenda kucheza Ulaya Agosti 2011, pengine na nusu ya kikosi kingine. Mtu akiona "bingwa 2010, Ulaya 2011" anadhani kuna mwaka umepotea, kumbe hakuna kilichopotea.

La tatu: mechi za taifa. Waingereza tangu karne ya 19 huzihesabu kwa kofia, kwa sababu kweli wachezaji walikuwa wanapewa kofia ya kitambaa kila walipoichezea nchi. Siku hizi kwa nchi nyingi kofia imebaki neno tu. Na hapa kuna imani iliyozagaa kwamba mwenye mechi nyingi za taifa ni mkali kuliko mwenye chache. Tazameni majirani wawili wa Baltic, upande wa wanaume. Martin Reim wa Estonia alicheza mechi 157 kati ya 1992 na 2009. Vitalijs Astafjevs wa Latvia alifikisha 167. Wote wawili waliwahi kushikilia rekodi ya bara zima la Ulaya, juu ya Wajerumani, Waitalia na Wafaransa mnaowajua kwa majina. Walikuwa wachezaji wazuri, sibishi. Lakini nchi ya watu milioni moja na ushee ikipata kiungo mzuri haimwachii, kwa sababu nyuma yake hakuna foleni. Ujerumani kiungo akipoteza fomu wiki tatu, wapo kumi wamekaa wanasubiri kiti chake.

Kwa wanawake hesabu hiyo ina msumari mwingine. Kristine Lilly wa Marekani alicheza mechi 354, rekodi ya dunia, kwa kuwa shirikisho lake lilikuwa na pesa ya kuandaa mechi mwaka mzima. Timu ya wanawake ya nchi ndogo, hasa miaka ya 90, mechi kwa mwaka zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Kwa hiyo mchezaji wa Estonia wa kizazi cha kwanza mwenye mechi 50 za taifa huenda aliitwa karibu kila mara kwa miaka kumi. Hamsini yake ni ukongwe.

Neno la nne ni "kulipwa", na hili linapotoshwa hata na wenzangu wa vipaza sauti. FIFA inasema mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi na klabu yake, na anayelipwa zaidi ya gharama anazoingia kwa ajili ya kucheza. Asiyetimiza hayo mawili ni wa ridhaa. Klabu ikikupa nauli, daluga na sahani ya chakula, wewe ni wa ridhaa hata kama unafanya mazoezi mara tano kwa wiki na picha yako iko kwenye bango la mechi. Ridhaa haisemi lolote kuhusu kiwango wala bidii, inasema habari ya pesa. Wachezaji wengi wa ligi ya wanawake ya Estonia wamekuwa upande huo: mchana kazini au chuoni, jioni uwanjani. Na jioni ya kule si jioni yetu. Katikati ya Desemba jua la Tallinn linazama kwenye saa tisa na dakika ishirini alasiri. Mtu anatoka kazini gizani, anakwenda mazoezini gizani, anakimbia chini ya taa kwenye nyasi bandia au ndani ya jumba, anarudi nyumbani gizani. Juni mambo yanageuka, jua linazama saa tano kasoro usiku, na mazoezi ya baada ya kazi yanakuwa na mchana wa kumwaga.

Tumalizie na neno "mstaafu". Kiswahili chetu kimelifunga neno hili na ofisi: barua, keki, kiinua mgongo, foleni ya pensheni. Mchezaji wa ridhaa akitundika daluga hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Halafu kuna kustaafu kwa aina mbili ambako magazeti hukuchanganya. Mtu anaweza kustaafu timu ya taifa akaendelea na klabu miaka mitano, kwa sababu kambi ya taifa inakula siku za likizo kuliko mechi ya Jumamosi. Na umri wa kuacha hautabiriki. Mwanamume wa kulipwa huacha mwili ukikataa. Mwanamke wa ridhaa anaweza kuacha na miaka 26, mwili ukiwa mzima kabisa, kwa sababu amepata kazi mji mwingine, au shahada ya pili, au mtoto. Tangu 1 Januari 2021 FIFA inazitaka klabu kutoa likizo ya uzazi ya wiki zisizopungua 14, kwa malipo ya angalau theluthi mbili ya mshahara. Sheria nzuri. Lakini theluthi mbili ya mshahara ambao haupo ni ngapi?

Alimfunga nani?

Sasa turudi kwa mwenye kicheko chake.

Kwenye chandimu, wakubwa wawili wanapokezana kuchagua: wewe huyu, mimi yule, mpaka mtoto wa mwisho aliyebaki peke yake anaingia upande wowote. Utaratibu ule una busara yake, unazilinganisha pande. Ligi haina mtu wa kupokezana. Mchezaji mzuri huenda kwenye makocha wazuri, uwanja mzuri na wenzake wazuri, na katika nchi yenye timu karibu nane tu za daraja la juu la wanawake, wazuri wote hutosha kwenye basi mbili. Pärnu JK ilitwaa ubingwa kuanzia 2010 mpaka 2017 bila kupisha mtu, miaka minane mfululizo. Kabla yake Levadia ya Tallinn ilikuwa na zamu yake, na kuanzia 2018 Flora, nayo ya Tallinn, ikaanza kujenga ufalme wake.

Pärnu ni mji wa kama watu 40,000, kilomita 130 hivi kusini mwa Tallinn, mji wa ufukwe ambao Waestonia hukimbilia kiangazi kuoga baharini. Kwamba klabu ya mji wa likizo iliizidi Tallinn kwa miaka minane kwa upande wa wanawake ni jambo linalonipendeza kupita kiasi, na nakiri halina uhusiano mkubwa na mada.

Katika hali hiyo mechi za mabao kumi na zaidi si muujiza, na mshambuliaji wa timu inayoongoza anaweza kumaliza msimu na namba zinazofanana na za mpira wa kikapu. Anastassia Morkovkina, aliyezaliwa 1981 na kuwa mshambuliaji wa Pärnu kwa miaka mingi, amekuwa mfungaji bora wa ligi hiyo zaidi ya mara moja. Fikirini umri wake kidogo. Uhuru uliporudi alikuwa na miaka kumi. Ligi ya wanawake ilipoanza alikuwa na kumi na mitatu. Msichana wa kizazi hicho hakuwa na dada wa kumwiga kwenye ligi, maana ligi yenyewe haikuwepo.

Je, mabao yale ni ya bei rahisi? Baadhi, ndiyo. Bao la saba dhidi ya timu ya mkiani si sawa na bao la kwanza dhidi ya mshindani wa ubingwa, na jedwali linayaandika kwa wino mmoja. Ila wanaodharau husahau kwamba hata mabao rahisi yanahitaji mtu awepo kwenye boksi kila Jumamosi, msimu baada ya msimu, baada ya wiki nzima ya kazi nyingine. Namba ya msimu mmoja inaweza kuwa ya kupuliziwa. Ya miaka kumi na tano inakueleza jambo kuhusu mtu.

Kipimo kinachofaa zaidi kuliko ligi ni zile siku chache za Agosti. Mabingwa wa nchi kama Estonia hawaingii Ligi ya Mabingwa ya Ulaya moja kwa moja. Kwa miaka mingi tangu mashindano hayo yapewe jina hilo 2009, timu nne zilikusanywa nchi moja zikacheza mechi tatu kila mmoja ndani ya wiki isiyofika, na kiongozi wa kundi akaendelea. Mwenye ajira aombe likizo. Mwenye nyama iliyovutika siku ya kwanza, basi, Ulaya imekwisha mpaka mwaka kesho. Ukitaka kujua mshambuliaji wa Estonia alikuwa wa kiwango gani, yatafuteni mabao yake ya Agosti kabla ya kuangalia yale mamia.

Na msiangalie washambuliaji peke yao. Jedwali lile lina mechi na mabao tu, halina safu ya mipira iliyookolewa wala ya hatari zilizokatwa. Beki wa kati wa nchi ndogo anamaliza maisha yake ya soka na "mabao 2" mbele ya jina, na kipa anamaliza na sifuri kubwa. Kipa aliyefungwa manane anaweza kuwa ndiye aliyecheza vizuri kuliko wote uwanjani, kwa kuwa yangekuwa kumi na manne. Timu iliyozidiwa inakimbia nyuma ya mpira, na kukimbia nyuma ya mpira kunachosha. Dakika ya 65 miguu inakuwa ya mawe, hapo ndipo mwenye benchi zito anaingiza watatu wapya. Mabao ya mwisho mara nyingi huingia saa hiyo, na huwa yanaeleza urefu wa benchi kuliko ubora wa beki.

Mlango uliokuwa umefungwa

Hili ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu hata wanaofuatilia soka kwa karibu hawalijui.

Watu wanasema: miaka yote hiyo, hata kufuzu mara moja! Wanadhani kila nchi ya Ulaya iliingia kwenye droo, ikacheza, ikashindwa. Sivyo ilivyokuwa. Kuanzia mchujo wa Euro ya wanawake ya 1997, yaani kombe la mataifa ya Ulaya, UEFA, shirikisho la soka la bara hilo, iligawa nchi madaraja mawili. Daraja la juu, mwanzoni timu 16, ndilo lililogombea nafasi za Euro au za Kombe la Dunia. Daraja la chini lilicheza lenyewe kwa lenyewe, na zawadi ya waliofanya vizuri ilikuwa kucheza na walioshika mkia kule juu ili wapande. Wapande tu. Tiketi ya fainali haikuwa mezani.

Mfikirie mtoto wa darasa la sita. Hata akipata mia kwa mia, mwaka huo haendi sekondari. Anapanda la saba kwanza, na mtihani wa kweli unamsubiri huko. Estonia ilikuwa la sita. Mchezaji aliyeanza timu ya taifa katikati ya miaka ya 90 alicheza mchujo baada ya mchujo ambao, kwa kanuni zilizoandikwa kabla mpira haujaguswa, usingeweza kumfikisha kwenye Kombe la Dunia hata angeshinda mechi zote. Utaratibu huo ulidumu mpaka mchujo wa Kombe la Dunia la 2007. Kwa Euro 2009 mlango ukafunguliwa: nchi ndogo zikapangiwa vikundi vya awali, na anayeshinda anaingia kwenye makundi ya wakubwa.

Hata huo mlango ulipofunguka, chumba kilikuwa kidogo. Euro ya wanawake ilikuwa ya timu nane tu kuanzia 1997, kumi na mbili kuanzia 2009, kumi na sita kuanzia 2017. Kwa hiyo ukurasa ukisema "hakuwahi kufuzu", tazama kwanza miaka. Aliyestaafu 2006 hakufeli mtihani, hakukalishwa kwenye chumba cha mtihani. Aliyecheza 2015 alikalishwa, na hapo ndipo tunakutana na yale manane.

England iliyokwenda Tallinn ile Septemba ilikuwa imerudi kutoka Canada na nishani ya shaba ya Kombe la Dunia, baada ya kuifunga Ujerumani 1-0 Julai. Shirikisho lake lilikuwa likiwalipa wachezaji wa timu ya taifa ya wanawake kwa mikataba tangu 2009, na ligi yake mpya ya wanawake ilikuwa na miaka minne. Danielle Carter alikuwa anaichezea nchi yake kwa mara ya kwanza usiku ule, akafunga matatu. Yaani mgeni kwenye kikosi, mtu aliyekuwa anasubiri nafasi, ndiye aliyefanya hivyo. Urefu wa benchi niliousema ndio huo. Mechi hiyo ilikuwa ya mchujo wa Euro 2017, kundi lililokuwa pia na Ubelgiji, Serbia na Bosnia. Marudiano yalichezwa Nottingham 15 Septemba 2016, ikawa 5-0. Sitaki kuifanya tofauti ya mabao matatu kuwa hadithi ya maendeleo, maana mechi mbili ni mbili tu. Natambua tu kwamba yule jamaa wa kundini alibandika tokeo la kwanza na la pili akaliacha.

Siku hizi mambo yamepangwa upya. Tangu 2023 kuna Ligi ya Mataifa ya wanawake yenye madaraja matatu, ambayo Estonia ilianzia la tatu. Inaonekana kama yaleyale ya zamani, lakini kuna tundu: kwenye mchujo wa Euro 2025, washindi wa makundi ya daraja la tatu, na baadhi ya washindi wa pili, waliingia kwenye mechi za mtoano pamoja na waliotoka madaraja ya juu. Njia ndefu, yenye miiba, lakini ni njia.

Udogo si jibu

Kuna wanaotetea Estonia kwa kusema nchi ni ndogo, watu wachache, yaishe. Utetezi huo nao nausukuma pembeni. Iceland ina watu chini ya 400,000, hata theluthi ya Estonia haifiki, na timu yake ya wanawake imecheza Euro ya 2009, 2013, 2017, 2022 na 2025. Ile ya 2013 ilifika robo fainali. Baridi? Iceland nayo ina baridi. Giza la Desemba? Kwao ni zaidi.

Tofauti kubwa naiona kwenye tarehe. Ligi ya wanawake ya Iceland ilianza 1972. Wakati huo Estonia ilikuwa sehemu ya dola iliyotafuta nishani za Olimpiki, na soka la wanawake halikuwa kwenye Olimpiki, kwa hiyo halikuwa na mwenyewe. Timu ya taifa ya wanawake ya Umoja wa Kisovieti ilikuja kucheza mechi yake ya kwanza 1990, mwaka mmoja kabla dola yenyewe haijavunjika. Msichana wa Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, aliyezaliwa 1981 alikuta mama wadogo zake wakicheza ligi. Wa Tallinn alikuta viwanja vya wavulana.

Kati ya 1972 na 1994 ni miaka 22. Ligi Kuu ya Wanawake ya Tanzania ilianza 2016, miaka 22 baada ya Estonia. Niliihesabu mara mbili kwenye karatasi nikidhani nimekosea.

Kwa nini basi kwenye kurasa nyingi za wachezaji wa Estonia kuna mstari wa Finland? Kwa sababu Finland iko ng'ambo ya ghuba. Tallinn na Helsinki zimetenganishwa na maji ya kilomita kama 80, meli inatumia saa mbili hivi, safari ya boti ya Dar kwenda Unguja kabisa. Lugha nazo ni ndugu, Mwestonia na Mfini wanasikilizana kwa kubahatisha kama Mswahili na Mngazija. Na Wafini wana ligi yenye mizizi mirefu, timu yao ya taifa ya wanawake ilifika nusu fainali ya Euro 2005. Klabu kama Åland United, iliyoko visiwani kati ya Finland na Sweden na kuwahi kuwa bingwa wa Finland, imewahi kuwa na Waestonia kama Vlada Kubassova na Kairi Himanen.

Mstari huo wa Finland ndio ninaoutazama kwanza siku hizi. Mabao ya mtu hupungua akivuka maji, na msomaji wa haraka anaona kiwango kimeshuka. Aliyekuwa anafunga thelathini nyumbani anafunga sita kule. Lakini zile sita alizifunga dhidi ya mabeki waliokuwa wanamchunga, mbele ya kocha aliyekuwa na wengine wa kumpanga, na akabaki kikosini. Ukinilazimisha kuchagua, nachukua hizo sita.

Niliyaandika haya yote kundini kwa vipande, usiku wa pili. Kimya kilikuwa kirefu kuliko nilivyozoea. Kisha yule aliyebandika 8-0 akajibu, bila kicheko safari hii, akitaka nimtumie tena jina la yule mshambuliaji wa Pärnu, herufi kwa herufi, maana simu yake ilikuwa inalisahihisha kuwa kitu kingine.